LUKU inakata, mtaro unafurika: hela ya kuhudumia mitaa ya Dar inashikwa na nani?

Mjumbe wa Uswazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Masika yakianza tu, jukwaa linajaa picha za mitaro iliyofurika na matusi kwa diwani na mwenyekiti wa mtaa. Siwatetei, wengine wanastahili. Lakini nimekaa kwenye vikao vya kata muda wa kutosha kuona kwamba mara nyingi tunamfokea mtu asiyeshika hela. Kwa miaka 20 na ushee, vyanzo vya mapato vilivyokuwa vya halmashauri vimepanda juu kimoja baada ya kingine. Kazi zimebaki chini, na lawama zimebaki na kazi.

Chukua kodi ya majengo, maana hiyo kila mwenye mita anaijua. Zamani ilikuwa ya manispaa. Mwaka 2008 kwa hapa Dar ikapelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato), 2014 ikarudishwa manispaa, 2016 ikaenda tena TRA, na kuanzia Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa mwaka ni 18,000 kwa nyumba ya chini.

Uzuri wa LUKU sitaukataa. Mkusanyaji wa zamani ulimkimbia, umeme huukimbii. Lakini angalia kilichopotea. Jumba la chini Masaki lenye bustani na bwawa la kuogelea, kama lina mita moja, linalipa 18,000. Nyumba ya vyumba sita Mbagala, choo cha nje, nayo 18,000. Na kwa vile anayenunua umeme uswahilini ni mpangaji, kodi ya mwenye nyumba inaangukia kwa mpangaji, halafu wanaanza kugombana nani amrudishie nani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kodi ilipokuwa ya manispaa, manispaa ilikuwa na sababu ya kuhesabu nyumba, kuzithamini, kuweka daftari la nani amejenga wapi. Leo sababu hiyo haipo. Nyumba zinaota Chanika, Kivule, Goba na Toangoma, na halmashauri inazijua pale mtu anapokuja kuomba barabara.

Kodi ya maendeleo, ile wazee wanaita kodi ya kichwa, ilifutwa 2003 pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo. Hakuna aliyeililia, mgambo walikuwa wanawakimbiza watu asubuhi kama wezi. Badala yake ikaja ruzuku ya fidia kutoka Hazina. Tatizo la ruzuku ni kwamba inakuja na masharti yake na kwa wakati wake. Ukipanga karavati Agosti, hela inaweza kuingia Mei, masika yameshapita.

Kilichobaki mkononi mwa halmashauri ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara, leseni, masoko, stendi, vibali vya ujenzi, ushuru wa nyumba za wageni na vingine vidogo. Na hapa Dar haitugusi sawa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328, Kigamboni 317,902. Ilala ina Posta na Kariakoo. Kinondoni ina Masaki na Mikocheni. Ubungo ina watu zaidi ya Kinondoni, lakini wengi wao wanalala Kimara na Mbezi, asubuhi wanapanda mabasi ya mwendokasi kwenda kuzalisha ushuru wa huduma Ilala. Jioni wanarudi na takataka zao, watoto wao wa shule na mahitaji yao ya zahanati kwa manispaa ambayo haikupata kitu kwenye duka walilofanyia kazi. Ubungo na Kigamboni zilimegwa kuwa manispaa zenyewe 2016. Mipaka ilichorwa haraka, uchumi hauchoreki namna hiyo.

Halafu mtaani ukiangalia chini ya miguu yako, kila kitu kina mwenyewe. Barabara kubwa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ya ndani, tangu Julai 2017, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo haiwajibiki kwa baraza la madiwani. Bomba ni la DAWASA, nguzo ni ya TANESCO. Diwani anabaki na nini? Anabaki na simu inayoita.

TARURA ina hela yake: asilimia 30 ya Mfuko wa Barabara, na tangu 2021 shilingi 100 ya kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Sisemi ni mpango mbaya. Wataalamu wamekaa pamoja, mitambo inapangwa pamoja. Ila mwananchi wa mtaa wangu akitaka kujua greda litapita lini, kwenye mkutano wa mtaa hakuna mtu wa kumjibu.

Karibuni. Matusi pungufu, hoja nyingi.

---

Kijana wa Gongo la Mboto

Mkuu, umeandika vizuri lakini umewasafisha mno. Unasema vyanzo vimehamishwa, sawa. Na vile vilivyobaki? Soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa, karibu kila mwaka kuna wimbo uleule: hela imekusanywa kwa mashine za POS, haikufika benki. Kule hakuna Hazina wala TRA, ni mtu wa halmashauri na mashine mkononi.

Na ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi? Nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Sheria imesema tangu 2018 itengwe kwenye mapato ya ndani. Mwaka 2023 ikabidi isimamishwe, kwa nini? Kwa sababu vikundi hewa vilikuwa vingi na marejesho hayaonekani. Sisi vijana wenye kikundi cha kweli cha kufyatua tofali tukakaa benchi kwa sababu ya watu waliosajili kikundi cha mashemeji.

Mjumbe wa Uswazi

Nakubaliana na wewe kwenye POS na sitarudi nyuma. Mfumo wa kulipia kwa namba ya malipo umesaidia sana kwa leseni na vibali, maana hela inaenda moja kwa moja benki. Lakini sokoni, mnadani na kwenye vizuizi bado kuna mkono katikati, na palipo na mkono hela inapungua.

Asilimia 10 ilirudi 2024, na halmashauri 10 za majaribio, Jiji la Dar es Salaam (Ilala) likiwemo, zilipangiwa kupitishia benki badala ya maofisa wao. Mimi naona kuna jambo limefichika pale. Halmashauri haikuwahi kuwa benki. Afisa maendeleo ya jamii mmoja wa kata alitakiwa atafute vikundi, avisajili, avikague, atoe mkopo usio na riba, halafu afuatilie marejesho kwa miguu, bila hata pikipiki. Tungemtafutia benki yoyote mtu mmoja afanye kazi hizo, ingefungwa. Kwa hiyo wizi upo, na pia kazi ilipewa mtu asiyeiweza. Vyote viwili.

---

Mama Wawili Tandika

Mimi niongelee shule maana niko kwenye kamati. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, Mungu awabariki waliofanya vile, watoto waliokuwa nyumbani wakaja wote. Sasa mjue hesabu yake. Mwanafunzi wa msingi ametengewa 10,000 kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu na inabaki juu, 6,000 ndiyo inafika shuleni. Shule yenye watoto 2,000, na Temeke shule za namna hiyo ziko nyingi, inapata milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi. Hapo toa mitihani, toa chaki, toa ukarabati, toa uendeshaji wa ofisi.

Mlinzi hayumo. Maji ya chooni kwa watoto 2,000, mnajua bili yake? Tukiwaita wazazi tuchange, mmoja anasimama: "Si elimu bure?" Na haki yake kusema. Mchango wa hiari upo lakini ukitamka neno mchango kwa sauti kubwa, mwalimu mkuu anaanza kutetemeka.

Madarasa kwa kweli yalikuja. Ile hela ya UVIKO ya 2021, trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, la sekondari kwa milioni 20 kila moja. Tukaona saruji, tukaona madawati. Ila darasa likishajengwa linahitaji mwalimu, na mwalimu halmashauri haiajiri kwa hela yake, anasubiriwa kibali kutoka juu. Kwa Dar tatizo jingine ni ardhi. Shule iko katikati ya nyumba, uwanja wa mpira ndio umebaki, ukijenga darasa watoto hawana pa kucheza. Ndiyo maana zamu mbili haziishi.

Mjumbe wa Uswazi

Mama, umegusa penyewe. Nyongeza ndogo upande wa afya. Amana, Temeke na Mwananyamala watu bado wanaziita hospitali za manispaa, lakini zilipandishwa kuwa za rufaa za mkoa na zikaenda chini ya Wizara ya Afya. Manispaa zikabaki bila hospitali ya wilaya, zikaanza upya: Ilala wakajenga Kivule, Kinondoni wakaenda Mabwepande. Kujenga upya kitu ulichokuwa nacho, kwa mapato yaliyopungua. Ukiuliza kwa nini zahanati ya mtaa wako haina kipimo, sehemu ya jibu ipo huko.

---

Babu Sharif Shamba

Wajukuu zangu, mnaongea kama haya yameanza na LUKU. Serikali za mitaa nchi hii ziliwahi kufutwa kabisa, 1972, enzi za Madaraka Mikoani. Walisema madaraka yanapelekwa kwa wananchi, tukaletewa maofisa kutoka wizarani. Mji ukaoza. Chemba zikafurika, hata taa za barabarani hazikubadilishwa. Ikabidi halmashauri za miji zirudishwe 1978, na za wilaya zikaja na sheria za 1982. Sheria Namba 9 ya mwaka huo ya fedha za serikali za mitaa ndiyo mnayobishania mpaka leo, ingawa imerekebishwa mno.

Hapa Dar, 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji. Tume ile nisiwe mnafiki, iliziba mashimo na kupanga masoko. Lakini haikuchaguliwa na mtu. Mwaka 2000 zikazaliwa Ilala, Kinondoni na Temeke na Jiji juu yake. Februari 24, 2021 Hayati Magufuli akalivunja Jiji lile tena, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kwa hiyo leo mkoa mmoja una halmashauri tano zisizo na baba mmoja. Mto Msimbazi unatoka Pugu huko, unapita Vingunguti, unafika Jangwani kumwaga balaa, hauulizi mpaka wa manispaa. Mitaro mikubwa na bonde la Msimbazi vimeishia kwenye mikopo ya Benki ya Dunia, kwa sababu hakuna halmashauri hata moja ya hapa yenye ubavu huo peke yake.

Mimi nataka mleta uzi ajibu hili: wakirudishiwa vyanzo vyao vyote kesho asubuhi, wataviweza?

Mjumbe wa Uswazi

Shikamoo babu.

Si vyote, na si kesho asubuhi. Kodi ya majengo TRA waendelee kukusanya hata kwa LUKU, wanaweza kuliko sisi. Lakini ithaminiwe kwa ukubwa na mahali, mzigo utoke kwa wa Mbagala uende kwa wa Masaki, na fungu linalojulikana lirudi kwa halmashauri nyumba ilipo bila kuombwa. Lijulikane kabla bajeti haijaandikwa. Diwani akijua mwanzoni ana shilingi ngapi, wananchi wanaweza kumbana. Sasa hivi akibanwa anasema "fedha hazijaja", na mara nyingi ni kweli, na mara nyingine ni kisingizio, na sisi hatuna namna ya kutofautisha.

---

Fremu ya Kariakoo

Mnazungumzia watoaji huduma, na mlipaji je? Ushuru wa huduma unapigwa kwenye mauzo. Kwa kiwango kile cha asilimia 0.3, ukiuza milioni 100 mwaka mzima, 300,000 ni yao, hata kama mwaka ule ulipata hasara. Mtu wa jumla anayeuza mzigo mwingi kwa faida ndogo anaumia kuliko mwenye saluni. Juu yake leseni, zimamoto, vipimo, takataka. Kila mmoja anakuja siku yake na karatasi yake. Tulipofunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, nchi nzima ilisikia habari ya kodi, lakini ukikaa dukani unajua kero ni pamoja na huu msafara wa watoza.

Na nikishalipa, mbele ya fremu yangu kuna chemba inatema maji machafu. Nikauliza ofisi moja, nikaelekezwa ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Nikalipa vijana wakaziba kwa zege. Ushuru nimelipa, na huduma nimelipa tena.

Mjumbe wa Uswazi

Hoja ya mauzo na faida nakuunga mkono. Halmashauri inaupenda ushuru huu kwa sababu ni rahisi kukokotoa, si kwa sababu ni wa haki. Na kuna mchezo mwingine: kampuni yenye matawi Tegeta, Mbagala na Kigamboni inatangaza mauzo yote makao makuu. Ushuru ulipaswa kwenda tawi lilipo, lakini kudai kunahitaji takwimu za mauzo, na hizo halmashauri inamtegemea mtu mwingine kuzipata.

---

Mzoa Taka Tabata

Mimi nafanya kazi kwa mkandarasi wa taka, nitasema ninachokijua. Watu wanadhani manispaa inatulipa. Kwa mitaa mingi, mkandarasi anapewa eneo na anaambiwa akusanye ada kwa kaya mwenyewe. Mwenye nyumba akikataa, mkandarasi ndiye anayekula hasara. Kwa hiyo gari linapita kwa wanaolipa, wasiolipa wanatupa mtaroni usiku mvua ikinyesha. Halafu mtaro unaziba, mnasema mtaro mbovu.

Gari likijaa linakwenda Pugu Kinyamwezi. Mkoa mzima dampo ni lile moja. Kutoka Bunju mpaka kule ni kuvuka jiji zima, foleni, mafuta, na ukifika mvua imenyesha gari linazama kwenye matope. Siku hiyo safari ni moja badala ya tatu. Hesabu ya mkandarasi inaharibika barabarani, si mtaani. Kinondoni wao wana kiwanda cha mboji Mabwepande, walichojenga kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Wengine sisi tunapeleka maganda ya ndizi na viazi mpaka Pugu kama vile ni mali.

Na wenyeji wa Tabata wakumbuke, dampo liliwahi kuwa hapa hapa. Wananchi walikwenda mahakamani 1988 na wakalishinda Jiji.

Kijana wa Gongo la Mboto

Hii ya kupewa eneo na kuambiwa jitafutie sikuijua. Mlinzi wa shule wazazi wajitafutie, takataka mkandarasi ajitafutie, mwenyekiti wa mtaa hana mshahara naye ajitafutie. Ndiyo maana barua ya utambulisho ina "hela ya karatasi".

Mama Wawili Tandika

Karatasi yenyewe unakwenda nayo wewe.

---

Mgeni Goba

Wakuu, nimesoma yote. Nimejenga huku mwaka wa pili, barabara haipitiki. Nifanye nini mimi kama mimi? Maana kila mtu hapa ana historia, hakuna anayesema niende wapi.

Mjumbe wa Uswazi

Ndugu yangu, kwanza kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Lakini makadirio yanaanza kuandikwa mwisho wa mwaka unaotangulia, na madiwani wanayapitisha mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Watu wengi wanapiga kelele Aprili, matope yakiwa magotini. Wakati huo daftari limeshafungwa. Kelele zipigwe Oktoba na Novemba, kwenye mkutano wa mtaa, barabara iandikwe kwenye muhtasari kwa jina, muhtasari uende kamati ya maendeleo ya kata. Kisichokuwa kwenye muhtasari, diwani ataapa hakukisikia.

Pili, barabara yako ni ya TARURA, kwa hiyo nakala iende ofisi yao ya wilaya, upigiwe muhuri wa kupokelewa. Mbunge naye ana Mfuko wa Jimbo, si mkubwa, lakini karavati moja na malori ya moramu unaweza kuyabeba. Goba ipo Manispaa ya Ubungo, nayo ni yenu kwa kodi, msione aibu kuingia ofisini.

Tatu, baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nenda na majirani, kaeni viti vya nyuma. Sikilizeni taarifa ya mapato: kilichokadiriwa, kilichokusanywa, kilichoteremshwa kutoka Hazina, kilichokwenda kwenye miradi. Ukisikia namba ya mwisho ni ndogo kuliko zote, andika, kisha uliza diwani wako nje mlangoni.

Mgeni Goba

Shukrani mkuu. Nje mlangoni atasimama lakini?

Babu Sharif Shamba

Mkiwa wengi, atasimama.

Fremu ya Kariakoo

Na mkienda, niulizieni chemba yangu ni ya nani.